Chungu hakikusubiri gurudumu

Kwa maelfu ya miaka jiko la Afrika Mashariki limepikiwa kwenye vyombo vilivyofinyangwa kwa mikono mitupu. Ufundi huo una sababu zake, na mtu mzima anaweza kuanza kuujifunza hata leo.

Kila Jumamosi, Lyulilo hugeuka soko la vyungu. Ni kijiji kidogo jirani na Matema, wilayani Kyela, pale Ziwa Nyasa linapoishia upande wa kaskazini. Vyungu vinakuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kwa Wakisi, kijiji kilichobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, ambako kufinyanga ni kazi ya wanawake. Vinashushwa, vinapangwa, vikubwa kwa vidogo, na wachuuzi wanaanza kuchagua vya kupeleka mjini.

Mnunuzi mzoefu haangalii rangi kwanza. Akishaamkia na kuitikiwa, hukiinua chungu, hukikalisha juu ya kiganja, halafu hukigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia, na sauti yake hukaa hewani kidogo. Chenye ufa, hata ule mwembamba usioonekana, hutoa mlio mfupi uliokufa, na muuzaji akiusikia anajua bei imeshashuka. Wasomaji wa Surat ar-Rahman wanaujua mlio huo kabla hawajafika sokoni: humo mwanadamu anatajwa kuumbwa kwa udongo unaolia kama chombo cha mfinyanzi.

Wasomaji wa Biblia nao wana mfinyanzi wao. Ni yule wa sura ya 18 ya Yeremia, ambaye nabii alimkuta kazini kwenye gurudumu, chombo kikamharibikia mkononi, akakifinyanga upya. Kwa wengi wetu huyo ndiye mfinyanzi wa kwanza kumjua, na ametukaa kichwani kiasi kwamba anayetaka kujaribu ufinyanzi leo huanza kwa kuuliza gurudumu linauzwa wapi. Mama wa Ikombe hana gurudumu. Wa Siaya hana, wa Upareni hana, wa Unguja hana. Wala hawajapungukiwa na kitu. Kwa chombo kitakachokaa juu ya moto, mkono ni fundi bora, na ubora huo unaelezeka.

Bakuli la China, chungu cha jirani

Gurudumu si jambo la juzi. Huko Mesopotamia lilikuwa likizunguka zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Pwani yetu nayo haikujitenga na dunia: kwa zaidi ya miaka 1,000 vyombo vya bahari vilileta bakuli na mitungi ya kuzungushwa kutoka Uajemi, Uarabuni, India na China. Vipande vyake vimetapakaa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, ya Gedi karibu na Malindi, na ya Shanga katika kisiwa cha Pate. Watu wa pwani walivipenda vyombo hivyo hadi wakavipachika kwenye kuta. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, zimo nguzo za makaburi zilizopambwa kwa bakuli za kaure ya China.

Hata hivyo, wanaakiolojia wanapochimba mahali hapo hapo, kinachojaza ndoo zao ni magae ya vyungu vya kienyeji vilivyofinyangwa kwa mkono. Magae hayo yamesaidia kuandika upya historia ya pwani. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1994, alifuatilia vyombo vilivyochorwa pembetatu kwa ncha kali, akaonyesha kwamba makazi ya mwanzo ya Waswahili yaliota kutoka kwa wakulima na wafua chuma wa hapa hapa, si kutoka kwa wageni wa ng'ambo. Vyombo vya aina hiyo vimeokotwa kuanzia Lamu hadi Zanzibar, Komoro na Msumbiji.

Nyuma ya hivyo kuna vyombo vya Kwale, vya karne za mwanzo baada ya Kristo, vilivyoitwa kwa jina la Kwale ya Kenya vilikotambuliwa. Nyuma zaidi kuna vya Urewe, mahali palipo Siaya, vilivyoenea nchi za Maziwa Makuu tangu karne kadhaa kabla ya Kristo, vingi vikiwa na kibonyeo kidogo kitakoni. Na kabla ya hivyo vyote, wavuvi wa kando ya Ziwa Viktoria walikuwa na vyungu vya Kansyore, jina la kisiwa kilichomo Mto Kagera. Katika ukoo wote huo hakuna hata kimoja kilichozungushwa kwenye gurudumu.

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, basi, nyumba ya mwenye uwezo iliweza kuwa na bakuli la kijani kutoka China ukumbini na chungu cheusi cha jirani jikoni. Kila kimoja kilikuwa na zamu yake. Bakuli lilipakuliwa chakula na kuonyeshwa wageni. Lingepelekwa mafigani, lingepasuka kabla maji hayajachemka. Na jiko la pwani halikuishia kwenye chungu. Palikuwa na kikaango cha kitoweo, waya wa kuokea mikate, mtungi wa maji, kibia cha kufunikia, chetezo cha kufukizia udi. Vyote hivyo vilitoka kwenye udongo wa hapa na vidole vya hapa.

Moto ndio mkaguzi

Chungu cha kupikia kinateswa. Kitako kinapigwa na ndimi za moto huku mdomo uko kwenye upepo. Upande mmoja unatanuka, mwingine bado. Udongo laini uliobanana hauna pa kukimbilia, kwa hiyo unapasuka. Ndiyo maana mfinyanzi huchanganya udongo wake na mchanga, au na magae ya vyungu vilivyovunjika, yaliyotwangwa. Ufa mdogo ukianza safari ndani ya ukuta, hukutana na punje ya gae ukakwama. Punje hizo pia huacha vinjia ambamo unyevu hutokea wakati chombo kinakauka na kuchomwa. Udongo wenye chembe kiasi hicho ukizungushwa kwa kasi huchubua viganja. Ukibonyezwa taratibu kwa vidole, hauna neno.

Jambo la pili ni kitako. Chombo cha gurudumu huanza kikiwa kimekaa juu ya sahani inayozunguka, na kwa kawaida hutoka na kitako bapa. Kona inayounganisha kitako hicho na ubavu ndiyo mahali ambapo joto la chini na ubaridi wa juu huvutana, na nyufa hupenda kuanzia hapo. Chungu cha mkono ni mviringo chini, hakina kona. Kinakaa barabara juu ya mafiga matatu, moto ukikikumbatia pande zote, na mwiko hauachi ugali wala maharage yaliyoganda pembeni.

Jambo la tatu linatokana na uchomaji. Vyombo hivi huchomwa kwa moto wa wastani na havipakwi rangi ya kioo, kwa hiyo vinyweleo vyake hubaki wazi. Kwenye mtungi wa maji, huo ndio ufundi wenyewe. Maji hupenya polepole hadi nje, upepo unayakausha, na kukauka huko huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliowekwa kivulini penye upepo unapoza bila umeme. Unguja wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hupoza kidogo tu. Dodoma wakati wa kiangazi hupoza vizuri zaidi.

Kamba juu ya kamba

Kazi huanza siku nyingi kabla ya kufinyanga. Udongo huchimbwa bondeni, pengine kwenye kichuguu. Huanikwa, hupondwa, huokotwa vijiwe na mizizi, kisha hulowekwa. Ukishakunywa maji ya kutosha hukandwa kama unga wa chapati, kwa kusukumwa na kukunjwa, mpaka mapovu ya hewa yaishe na ulaini uwe mmoja kote.

Kila fundi ana mwanzo wake. Yupo anayebonyeza donge kwa ngumi na kulivuta liwe bakuli. Yupo anayetandaza udongo juu ya kitako cha chungu kizee kilichopinduliwa, akaunyanyua ukishashika umbo. Chini ya kazi huwekwa gae pana lililopinda, na gae hilo ndilo linalozungushwa kwa mkono fundi akiwa amekaa. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga kwa kumsikitikia. Hawakusema kwamba gae hilo hilo ndilo kiti cha chungu chake, na kwamba likitwangwa linarudi kwenye udongo wake. Chungu kikiwa kikubwa mno, chenyewe hutulia na fundi ndiye anayezunguka, mgongo ameuinamisha, akirudi kinyumenyume hatua kwa hatua.

Kuta hupandishwa kwa kamba za udongo zilizoviringishwa kwa viganja, unene wa kidole au zaidi. Hapa ndipo chungu hufa au hupona, kwa hiyo kiungo kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kamba mpya hulazwa kuelekea ndani ya ukingo, si katikati yake. Mkono wa kushoto hukaa nje kuegemeza ukuta. Gumba la kulia hushuka ndani, likiburura udongo wa kamba mpya mpaka uingie kwenye udongo wa zamani, kila baada ya upana wa kidole, hadi mstari kati yao upotee. Kisha upande wa nje hufanyiwa vivyo hivyo, safari hii kwa kupandisha. Asiyejua hulowesha kidole na kuufuta mstari kwa maji. Ukuta unang'aa, naye anaridhika. Kumbe ndani kamba mbili zimelala pamoja bila kushikana, na siku ya moto chungu kitaachia pale pale, mviringo mzima.

Ukuta ukifika kimo cha kiganja, huachwa upumzike. Ukiongezewa uzito ungali laini, hubonyea. Ukiachwa ukakauka mno, haupokei kamba mpya. Kwa mfinyanzi, udongo uwahi ungali maji ni ratiba ya kazi. Chini huachwa kukakamae kidogo, ukingo hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, na fundi huhamia kwenye chungu cha pili, kisha cha tatu. Ndiyo maana ni nadra kumkuta na kimoja tu mbele yake.

Ndani hukwanguliwa kwa kipande cha kibuyu au kifuu cha nazi mpaka unene ulingane. Nje, gunzi la mahindi likiviringishwa huacha safu za vidoto. Kamba iliyosukwa ikiviringishwa mabegani huacha nakshi inayojulikana sana nchi za Maziwa Makuu. Nakshi hiyo ina kazi: kiganja chenye mafuta hakiponyokwi na chungu chenye mikwaruzo. Chombo kikishafika hali ambayo gumba halikibonyezi lakini ukucha unaacha alama, husuguliwa kwa kokoto laini ya mtoni, mara nyingine baada ya kupakwa udongo mwekundu uliokorogwa mwepesi. Kokoto hulaza chembe za udongo upande mmoja, na ngozi ya chungu hung'aa bila rangi ya dukani. Mwenye kokoto nzuri huitunza miaka na miaka.

Nyuzi 100, nyuzi 600

Udongo ukikauka hupungua, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10. Upande mmoja ukitangulia kukauka, huuvuta mwenzake na ufa hutokea. Kwa hiyo chungu kibichi hakianikwi juani moja kwa moja. Huanza kivulini, kimepinduliwa, mbali na upepo. Fundi akitaka kujua kama kimekauka kweli, hukiweka shavuni. Kikiwa baridi, maji yamo bado.

Kosa la hapo hulipwa motoni. Maji yaliyobaki ukutani yakifika nyuzi joto 100 hugeuka mvuke, na mvuke uliofungiwa hupasua chombo kwa mshindo, mara nyingine pamoja na jirani zake. Ndiyo maana vyungu huoteshwa moto kwanza, vikiwa vimepangwa kandokando au kuwashiwa nyasi ndani, kabla ya moto wenyewe. Kisha hupangwa juu ya kuni, vikaegemezana, na kufunikwa kwa kile ambacho mahali hapo kinapatikana: nyasi kavu, magome, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, makumbi ya nazi kwa walio pwani.

Moto wa wazi wa namna hiyo hupanda haraka na hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Kiwango hicho kinatosha. Kuanzia nyuzi 500 hivi na kuendelea, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe za udongo huanza kutoka, na yakishatoka hakuna kurudi nyuma. Chombo kilichovuka hapo hakiwi tope tena hata kikilowekwa mwaka mzima. Kisichofika huyeyuka ndani ya ndoo ya maji. Mabaka meusi unayoyaona ubavuni ni sehemu ambazo moshi ulikaa na hewa ikakosekana. Penye hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo hugeuka chekundu. Katika jamii nyingi za Afrika chungu hutolewa kingali moto na kunyunyiziwa maji ya magome yaliyochemshwa, ambayo hukipa rangi na kuziba vinyweleo kidogo.

Darasa la mama mkwe

Wengi hudhani ufundi huu ni wa kuzaliwa nao: mama mfinyanzi, binti mfinyanzi. Mtafiti Ingrid Herbich, aliyekaa na wafinyanzi wa Kijaluo, aliandika mwaka 1987 kwamba wengi wao walijifunza wakiwa watu wazima, baada ya kuolewa na kuhamia kwa mume. Mwalimu alikuwa mama mkwe au mke mwenza. Vyungu vya mke mpya havikufanana na vya kwao alikozaliwa. Vilifanana na vya boma alilohamia. Mwanamke mwenye nyumba, shamba na watoto aliketi chini na kuanza upya.

Mfano mwingine ni wa mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Akiwa mwanafunzi alisafiri hadi Nigeria, kwenye kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja ya wakati ule, mji ambao leo ni Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kilikuwa na magurudumu na tanuri. Lakini nyota wake alikuwa Ladi Kwali, mama wa Kigwari aliyekuja tayari na ufundi wa kupandisha mitungi kwa kamba huku akiizunguka kwa miguu. Gurudumu alijifunza, ila mitungi ya mkono ndiyo iliyomfikisha kwenye noti ya naira 20. Odundo alijifunza kwa wanawake wa hapo, na mpaka leo hujenga vyombo vyake kwa mkono, huvisugua hadi ving'ae, havipaki rangi ya kioo. Makumbusho makubwa ya dunia yanavyo. Mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Si wote waliopata bahati hiyo. Rwanda, Burundi na sehemu za Uganda na Kongo, jina la Watwa limeambatana na vyungu kwa vizazi. Walipoondolewa misituni, udongo ukawa tegemeo la wengi wao. Kisha sufuria za alumini na ndoo za plastiki zikawanyang'anya wateja, na mabonde waliyochimba udongo yakageuzwa mashamba. Mfinyanzi asiye na ardhi hana hata malighafi. Magharibi mwa Kenya vikundi vya wanawake wafinyanzi vilipata mlango mwingine walipofundishwa kutengeneza majiko ya udongo ya kuni, kazi iliyohitaji mikono ile ile.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Anza na chombo ambacho hakitaubeba moto mkali: kibakuli cha chumvi, sahani, kopo la ua. Njia ni tatu na zote zinatosha bila mashine. Ya kwanza ni kubonyeza: donge la ukubwa wa chungwa, gumba katikati, ukizungusha na kubana mpaka ukuta uwe na unene unaolingana. Ya pili ni kamba, kama ilivyoelezwa. Ya tatu ni bapa: udongo husukumwa kwa mpini wa chapati ambao hautarudi tena jikoni, kisha hulazwa juu ya bakuli lililopinduliwa na kufunikwa kitambaa ili usinate. Baada ya hapo jaribu chetezo. Kipe mguu mnene ili joto la makaa lisifike kwenye mkeka, na toboa matundu ubavuni ili makaa yapate hewa.

Pima udongo kabla ya kuuamini. Viringisha kamba nyembamba, uizungushe kidoleni. Ikikatika mara moja, ina mchanga mno. Ikipinda bila nyufa, inafaa. Ikinata na kugoma kuachia ngozi, ongeza mchanga safi au gae lililotwangwa, sehemu moja kwa nne au tano za udongo, kisha pima tena. Tengeneza pia kibao kidogo, chora juu yake mstari wa sentimita 10, ukikaushe na kukichoma. Mstari ukirudi na sentimita 9, unajua kwamba kikombe ulichokikusudia lazima ukianze kikiwa kikubwa zaidi.

Walio karibu na bahari waangalie magamba ya kome na vipande vya matumbawe. Moto ukiwa mkali huvigeuza chokaa. Chokaa hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba, kisha siku chache baadaye hubandua ukuta wa chombo ulichokuwa umeshakisifia. Usichukue udongo wa gereji, dampo au shamba linalopigwa dawa. Na usiende kuchimba ukingo wa mto kwa sababu tu umeona tope zuri: Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za kando ya mito, maziwa na bahari.

Kuchoma mjini kunahitaji uwanja, majirani walioarifiwa, na watoto mbali. Pipa la chuma lisilowahi kubeba kemikali, likitobolewa matundu ubavuni, linaweza kuchoma vyombo vidogo vilivyofukiwa ndani ya unga wa mbao na makumbi. Moto wake ni wa polepole, na vyombo hutoka vyeusi kwa moshi. Vingi vya namna hiyo vitabaki vya pambo. Chombo cha chakula kisipakwe rangi ya mafuta ndani, wala rangi ya kioo isiyojulikana ilichochanganywa, kwa kuwa baadhi zina madini ya risasi.

Ukinunua chungu cha kupikia, kiloweke kwanza, kisha kichemshie uji mwepesi au maji ya mchele kwa moto mdogo. Wanga huingia kwenye vinyweleo na kuvituliza. Baada ya hapo usikimwagie maji baridi kingali moto, na usikisugue kwa sabuni nyingi, maana vinyweleo vinavyonyonya tui hunyonya na sabuni.

Nani atakufundisha

Maelezo ya gazeti hayamfundishi mtu uzito wa gumba. Hilo hufundishwa na aliye nalo, na bado wapo: Ikombe, Siaya, Upareni, vijiji vya Unguja na Pemba, kando ya barabara nyingi ambako vyungu hupangwa na mabasi hupita. Mwenye nia aende huko na aombe vitu viwili vya kununua, udongo ulioandaliwa na muda wa mwenyewe. Udongo wa fundi umeshachaguliwa, umeshachanganywa, unajulikana utafanya nini motoni. Asubuhi moja pembeni yake itakuokolea vyungu vingi vya kupasuka.

Kinachofifisha kazi hii ni hesabu ya fedha. Mteja anayelipa bila kelele bei iliyobandikwa kwenye sufuria ya dukani ndiye huyo huyo anayemtaka mama wa vyungu apunguze nusu, ilhali mama amechimba, ametwanga, amefinyanga, amesubiri, amechoma, na pengine viwili katika kila fungu vimemfia motoni. Binti yake anaiona hesabu hiyo na kuchagua kazi nyingine, na hana lawama. Kwa hiyo lipa chungu, lipa na somo. Kazi inayolipa haikosi wa kuirithi, na Wajaluo wameshaonyesha kwamba mrithi si lazima awe binti wa mwenye kazi. Anaweza kuwa mtu mzima yeyote aliyekubali kuketi chini na kuanza upya.